Baba Aliyekaa Nje ya Hema

Kwanza naomba msamaha kwa hati yangu. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mikono yangu imeshika nyuzi kuliko kalamu. Herufi zangu huegemea upande mmoja kama ua wa boma uliosukumwa na ng'ombe, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yana "h" au hayana. Tena naandika polepole. Mtu akisimama nyuma yangu nikiandika, nasimama kabisa mpaka aondoke. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwa hiyo nivumilie.

Namtafuta mtu aliyeisikia filamu moja kama nilivyoisikia mimi. Nimesema kuisikia. Kuitazama sikuitazama, na shida yangu yote ilianzia hapo.

Mwaka wa elfu mbili na saba nilikuwa nikiishi Rhonda, hapa Nakuru, na dada yake mama, ambaye namwita anti. Tulikuwa tukifuma sweta za shule. Mashine yetu ya kufuma ni ile ya kusukuma kwa mkono, kwenda na kurudi, na ina mlio kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Anti alipima na kushona mikono na kola, mimi nikasukuma. Siku nzima nilikuwa nikitazama ukuta, kwa sababu mashine ilikuwa imeegeshwa ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa mabati tu. Upande wa pili wa mabati hayo palikuwa na nyumba ya video.

Sikuwahi kuingia. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja juu ya meza na spika mbili kubwa, na wateja wote walikuwa wanaume. Msichana aliyeonekana akitoka mle angesemwa kutoka Rhonda mpaka Kaptembwo. Anti alikuwa ameniambia mapema, "Siku utakayoingia mle, tafuta na mahali pa kulala." Hakuwa mkali, ila alijua watu. Kwa hiyo filamu nilizipata kwa masikio. Kwenye matundu ya misumari niliona rangi tu, nukta nyekundu ikigeuka buluu, na wakati mwingine nukta hizo ziliangukia uzi niliokuwa nikifuma.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kichina na za Kihindi, na hakuna aliyeelewa lugha zile. Kulikuwa na kijana wa kutafsiri. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, kisha akasema yeye mwenyewe badala ya watu wote: mwanamume, mwanamke, polisi, nyanya wa kijiji, hata mbwa. Walimwita DJ. Alizihamisha filamu zote zikaja kwetu. Mwizi wa Uchina alijificha Kihoto, Naivasha, mpaka maji ya ziwa yakaingia ndani ya nyumba yakamtoa. Polisi walimfukuza adui mpaka Mai Mahiu, wakamkosa kwa sababu malori yalikuwa yameziba barabara. Vijana walimjibu kwa kelele.

"DJ, huyo amekufa ama amelala?"

"Amekufa, boss. Lakini mama yake bado hajaambiwa, kwa hivyo nyamaza."

Nilikuwa nacheka peke yangu na mashine. Anti aliniuliza nacheka nini, nikasema nimekumbuka kitu.

Mimi sikuwa na wa kuzungumza naye mambo hayo. Wasichana niliosoma nao walikwenda sekondari, au waliolewa, au walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Nilipokutana na mmoja wao sokoni tulisalimiana, kisha nikakosa la kuongeza, naye akaangalia saa. Lakini kichwani nilikuwa na maneno mengi. Nilipenda kujua kwa nini wimbo fulani wa redioni unaniuma pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Nilipenda kubishana kuhusu kitabu cha hadithi ambacho mwandishi amemuua mhusika kwa sababu amechoka naye. Nilikuwa nabishana na mashine.

Nyuzi tulizinunua mjini, katika duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imekuwa Nakuru tangu babu zao. Nyuma ya duka, mjukuu wake alikuwa ameweka kompyuta chache, pakawa saiba, mahali pa kulipia intaneti. Siku moja nikingoja rangi ya maruni itolewe stoo, yule mjukuu alinionyesha ukurasa ambao Wakenya wa kila mahali, wengine ng'ambo, walikuwa wakiandika maoni yao juu ya filamu, muziki na vitabu. Wengi waliandika Kiingereza. Wachache waliandika Kiswahili. Hakuna aliyemwona mwenzake uso. Nilisimama pale nikisoma mpaka mama akaniita mara ya pili kuja kuchukua mzigo.

Nilijiandikisha kwa jina la Mfumaji. Tangu hapo, kila niliponunua nyuzi nilibaki kidogo. Maoni yangu niliyaandika nyumbani kwanza, nyuma ya kurasa za kalenda ya zamani, kwa sababu kwenye kompyuta nilitumia kidole kimoja na nikiona mtu anasubiri kiti nilisahau kila kitu. Niliandika juu ya nyimbo. Niliandika juu ya filamu nilizozisikia, bila kusema nimezisikiaje. Ningeanzaje kueleza habari za mabati? Kila mtu pale aliandika kama mtu mwenye kochi.

Hakuna aliyenijibu. Maoni ya wengine yalivuta majibu kama sukari inavyovuta sisimizi, yangu yalikaa pale yakishuka chini ya ukurasa mpaka yanapotea. Nilizoea. Hata hivyo, kila mara nilipokwenda, nilitembea haraka kwenye kona ya mwisho kabla ya duka, kana kwamba kuna mtu ananisubiri.

Kisha mmoja akajibu. Alijiita kwa jina la ndege wa ziwani, kwa hiyo hapa nitamwita Ndege. Aliandika hivi: "Mfumaji, unaandika kama mtu anayesikiliza sana. Wengine wetu tunatazama tu. Endelea." Siku hiyo nilisahau mfuko mmoja wa nyuzi dukani, ikabidi nirudi kuuchukua. Ndege akaendelea kunisoma. Aliniuliza nimependa nini katika filamu hii, kwa nini sikupenda ile. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Sikutaka kujua. Nilikuwa na mtu.

Sasa nije kwenye filamu yenyewe.

Ilikuwa ya Kihindi, ndefu, yenye nyimbo nyingi. Vijana wa nyumba ya video hawakupenda nyimbo. Zikianza walipiga mabenchi wakitaka zirukwe: "Rusha hiyo! DJ, rusha!" Lakini mchana huo, wimbo wa arusi ulipoanza, DJ aliupunguza ukabaki kama unatoka nyumba ya mbali, akasema taratibu.

"Huyu mnayeona anacheza ni bibi arusi. Mwacheni acheze. Baba yake hamtamwona, kwa sababu hayuko ndani. Baba yake ni dereva wa lori. Ametoka Mombasa na mzigo, amefika Mai Mahiu akanywa chai amesimama, hata kofia hakuvua. Amefika arusi imeshaanza. Ananusa shati lake. Dizeli. Anasema, nikiingia hivi, wakwe watamwonaje mtoto wangu? Basi ameenda nyuma ya hema, amekaa juu ya jerikani. Anasikiliza. Wakicheka, na yeye anacheka. Hajui wanacheka nini."

Kule ndani kulinyamaza. Hakuna aliyepiga benchi. Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya mashine na haikusogea.

"Kwani uzi umekatika?" anti akauliza.

"Umekatika," nikasema.

Niliandika maoni yangu juu ya filamu hiyo kwa siku nyingi. Nilifuta, nikaandika tena. Nilisema kwamba filamu yote inaweza kusahauliwa, lakini baba aliyekaa nje ya hema hasahauliki. Nilisema aliyeitengeneza anajua jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba mtu anaweza kuwa katika sherehe bila kuonekana na mtu hata mmoja, na bado akawa ndiye anayeisikia kuliko wote. Hayo ndiyo maneno bora niliyowahi kuandika. Niliyapiga kwa kidole kimoja, nikanunua nyuzi, nikarudi nyumbani.

Niliporudi tena mjini, chini ya maoni yangu kulikuwa na majibu mengi. Moyo ulinipaa. La kwanza lilikuwa la Ndege.

"Mfumaji, filamu hii naijua vizuri, nimeitazama tangu nikiwa mtoto. Hakuna baba. Baba wa yule msichana alikufa kabla hadithi haijaanza. Labda umechanganya na filamu nyingine?"

Chini yake wengine walikuwa wamepata mchezo. "Mwenzetu ametazama TV ikiwa imezimwa." "Huyo baba alikuja na kopi yako peke yako." "Mfumaji tuambie unavuta nini, na sisi tujaribu." Mmoja aliandika kwamba watu wasioelewa filamu wangeachia wanaoelewa. Nilisoma yote. Nilifunga ukurasa nikaenda kusimama mbele, penye nyuzi.

Mama wa duka alikuwa akipanga mafungu ya rangi. Huwaita wasichana wote beti, yaani binti kwa lugha yao, na mimi pia. Akaniuliza, "Beti, iko mgonjwa?"

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimuuliza kama anaijua filamu ile, nikamtajia. Akacheka, akasema nani haijui. Nikamuuliza, pale kwenye arusi, baba anakaa wapi?

"Baba? Hapana baba pale. Pale iko wimbo tu," akasema, kisha akauimba kidogo, mikono ikizunguka juu ya fungu la uzi wa kijani. Ulikuwa wimbo uleule niliousikia ukipigwa kwa mbali. Nikajua kwamba DJ hakujua Kihindi hata neno. Wimbo ulipoanza hakuwa na cha kutafsiri, na vijana wangepiga kelele, basi akaweka baba.

Unaweza kudhani nilimkasirikia. Njiani kuelekea Rhonda nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Niliaibika mbele ya Ndege, hilo ni kweli, na sikurudi kwenye ukurasa ule kwa muda mrefu. Lakini swali moja lilikuwa limeniingia na halikutoka. Mwingine yeyote angeweka mapigano au kichekesho. Yeye yule baba alimtoa wapi?

Nilikutana na DJ mara moja, kwenye bomba la maji. Nilimtambua alipomwambia mtu aliyekuwa mbele asogeze jerikani, kwa sababu sauti ile ningeijua popote. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Foleni ikasogea, tukabaki sisi wawili, maji yakiingia kwenye jerikani yangu.

"Sasa, siz. Wewe ndiye wa mashine, sindio?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Huwa naisikia," akasema. "Ikinyamaza najua nimefika mahali pazuri. Wale wa ndani wanapiga kelele kwa kila kitu, siwezi kuwaamini. Wewe ukinyamaza, mimi naongeza."

Swali lilikuwa mdomoni. Yule baba, ulimtoa wapi? Lilikuwa na maneno manne tu, nilikuwa nimelipanga kitandani na nikisukuma mashine. Nilitazama maji.

"Siz, imejaa," akasema.

Nilifunga kifuniko, nikabeba, nikaondoka. Sikusema hata asante.

Baada ya hapo, tuliongea kwa namna yetu. Filamu ikifika mahali nilipopenda, niliacha kusukuma, naye akarefusha. Nilipochoka na mapigano, nilisukuma kwa nguvu, naye akayafupisha, vijana wakalalamika. Nyanya mmoja wa filamu ya Kichina aliishi mpaka mwisho kwa ajili yangu, nina hakika, kwa sababu kila alipougua mashine ilinyamaza. Anti alidhani mashine imezeeka. Akaleta fundi, fundi akaipaka mafuta, akasema ni nzima. Sijawahi kuzungumza na mtu vile, wala kabla wala baadaye, na sikuwa nimefungua mdomo.

Swali nililihifadhi. Nilijiambia nitamuuliza uchaguzi ukipita, watu wakitulia.

Uchaguzi ulipita, lakini watu hawakutulia. Yaliyotokea Januari sitayaeleza. Waliokuwepo wanayajua, na mimi sina maneno yake. Anti nami tulikaa katika uwanja wa kanisa pamoja na wengine, mashine tukaiacha tukidhani hatutaiona tena. Tuliporudi tuliikuta. Nyumba yetu ilikuwa imepona kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kutueleza. Nyumba ya video ilikuwa imeungua. Ukuta wetu wa mabati ulisimama, mweusi upande ule, na matundu ya misumari yalikuwa yakiingiza jua.

Mama aliyekuwa akiuza githeri ng'ambo ya njia alikuwa amerudi pia, akipika kwa sufuria ya kuazima. Nilimwendea.

"Yule kijana wa maikrofoni," nikasema.

"DJ? Aliondoka na watu wao, juu ya lori. Nilimwona kwa macho yangu."

"Kwenda wapi?"

"Walikuwa wanajua basi? Walipanda tu."

"Jina lake nani?"

Akaacha kukoroga. "Unajua hata mimi sijui? Tulikuwa tunasema DJ, DJ. Kwani alikuwa mtu wako?"

Nilisema hapana.

Niliposukuma mashine siku ya kwanza, ililia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokumbuka. Nikaisimamisha, kwa mazoea tu. Hakuna kilichoongezwa. Nilisikia mtu akipiga nyundo mbali, na anti akikata uzi kwa meno.

Maduka ya mjini yalipofunguliwa, anti alinituma nyuzi, kwa sababu shule zilikuwa zikirudi na watoto wengi hawakuwa na sweta tena. Mama wa duka alinishika mikono yote miwili, akaniuliza juu ya anti, akaniuliza tumekula. Kisha akasema kompyuta zinafanya kazi, kama nataka. Sikutaka. Nilikaa hata hivyo.

Ndege alikuwa ameandika tena, zamani, kabla ya Krismasi. Ujumbe ulikuwa umekaa pale muda wote ule.

"Mfumaji, samahani kama nilikuvunja moyo. Wiki hii nimeitazama filamu ile tena. Arusi ilipofika nilijikuta namtafuta yule baba nje ya hema. Hayupo, na sasa filamu naiona ina pengo. Tafadhali niambie ulimwona wapi."

Nilisahau waliokuwa wakisubiri kiti. Niliandika papo hapo, bila karatasi, kwa kidole changu kimoja. Nilimweleza habari za mabati, mashine, maikrofoni, wimbo uliopunguzwa. Nilimwambia sikumwona baba, nilimsikia, na aliyemleta simjui jina. Nilimwambia nyumba imeungua. Niliandika kwamba filamu ile sasa iko mahali pawili tu, katika kichwa cha yule kijana, kama yu hai, na katika kichwa changu.

Ndege hajajibu. Nilirudi mara nyingi mwaka huu wa elfu mbili na nane. Mimi bado natembea haraka kwenye ile kona ya mwisho. Maandishi yangu yako pale, na chini yake hakuna kitu. Labda alihamia ukurasa mwingine. Labda naye yalimpata ya Januari. Sijui aliko, kama nisivyojua alivyo. Wale waliokuwa wakinicheka nao wamehamia mambo mengine, na nitakuambia ukweli, siku nyingine nawakumbuka hata wao.

Ndiyo maana nimeandika haya yote kwa mkono, na kumpa mtu mwenye mikono myepesi ayachape. Mle ndani ya nyumba ya video mabenchi yalijaa. Mchana ule kulikuwa na watu, walinyamaza wote, niliwasikia wakinyamaza. Kama ulikuwa mmoja wao, kama ulimsikia baba akinusa shati lake, niandikie, hata mstari mmoja, kupitia kwa waliochapisha maneno haya. Kama unakumbuka tofauti, niandikie pia, sitakasirika. Na kama uko kambini, au sokoni, au popote pale, na jioni kuna kijana mwembamba anayewasimulia watu mambo na kubadilisha sauti, mwulize kwa niaba yangu yule baba alimtoa wapi. Kama ni baba yake mwenyewe, au kama ni mimi niliyekuwa nikisikiliza nyuma ya mabati. Mwambie mashine ipo, iko palepale ukutani, na mimi nikinyamaza ni kwamba nasikiliza.

Naomba mnijibu. Hati mbaya si neno, hata yangu ni mbaya.